Tumbaku: Hesabu isiyomtaja mtoto huficha hasara

NI saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Februari, katika moja ya vijiji vya wilaya ya Urambo mkoani Tabora. Umande bado umelowesha majani ya tumbaku na jua halijatoka vizuri. Baba na mama wameingia shambani wakiwa na watoto wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 10. Majani ya chini yameiva na hayasubiri. Yakichelewa siku chache yanaungua na jua, na daraja lake sokoni linashuka.

Ikifika saa mbili, watoto hao wamelowa kuanzia kifuani hadi magotini. Wenzao wako darasani. Wao wamekumbatia mafungu ya majani mabichi wakiyapeleka kivulini, ambako yatafungwa kwenye fito na kupandishwa kwenye bani kwa ajili ya kukaushwa.

Msimu ukiisha, familia hiyo itauza marobota yake, itakatwa mkopo wa pembejeo, na kitakachobaki kitaitwa faida. Lakini katika hesabu hiyo kuna kitu ambacho hakitaandikwa popote: siku za kazi za wale watoto wawili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zao hili, kinachopotea bila habari mara nyingi ni mtoto mwenyewe.

Si familia moja wala wilaya moja tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu utumikishwaji wa watoto uliofanyika mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wapatao milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 nchini Tanzania walikuwa katika ajira zisizowafaa, na walio wengi walikuwa kwenye kilimo. Kwa dunia nzima, ripoti ya pamoja ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) iliyotolewa Juni 2025 ilikadiria watoto milioni 138 kwa mwaka 2024. Asilimia 61 kati yao walikuwa wakifanya kazi katika kilimo.

Malezi yanaishia wapi?

Mkulima anaposikia maneno hayo, swali lake la kwanza huwa la haki kabisa: je, mtoto asifanye kazi? Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asiyejua kushika jembe atalishwa na nani atakapokuwa mkubwa?

Jibu ni kwamba hakuna sheria inayomkataza mtoto kuteka maji, kufagia uwanja, kulisha kuku au kumsaidia mama yake kupalilia bustani ya mchicha baada ya masomo. Hayo ni malezi. Kinachokatazwa ni kazi inayomzidi umri na nguvu, inayomnyima shule, au inayohatarisha afya yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kuathiri masomo yake. Kazi za hatari haziruhusiwi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza kuwa mtoto asifanyishwe kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na ikakataza kazi za unyonyaji na za kulazimishwa. Kabla ya hapo, Tanzania ilikwisha kuridhia mikataba miwili ya ILO: Namba 138 kuhusu umri wa chini wa kuajiriwa, iliyoridhiwa mwaka 1998, na Namba 182 kuhusu ajira mbaya kabisa za watoto, iliyoridhiwa mwaka 2001.

Mkulima anayetaka kipimo chepesi anaweza kujiuliza maswali manne. Kazi hii inamfanya mtoto akose shule au afike amechoka asiweze kusoma? Inamgusisha sumu, moto, mzigo mzito au chombo chenye makali? Inafanyika usiku au kwa saa nyingi bila kupumzika? Je, ningemlipa mtu mzima kuifanya kama mtoto huyu asingekuwepo? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo ya maswali matatu ya kwanza, hayo si malezi tena. Jibu likiwa ndiyo kwa swali la nne, mkulima ajue kwamba kuna gharama anayoikwepa, na anayeibeba ni mtoto.

Jani bichi lina sumu

Tumbaku ni zao lenye hatari ambayo mahindi na karanga hazina. Jani bichi lina nikotini, na likiwa na umande, mvua au jasho, nikotini hiyo huyeyuka kwenye maji na kupenya kwenye ngozi ya anayelishika. Hailazimu mtu avute sigara ili idhuriwe afya yake. Kulikumbatia fungu la majani yaliyolowa kunatosha.

Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na mwili kuishiwa nguvu. Huanza saa chache baada ya kazi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, uchovu au chakula kibaya. Mtoto huathirika zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo, hivyo kiasi kile kile cha sumu humzidi nguvu. Mzazi anayeona mwanawe anatapika jioni ya siku ya kuchuma asikimbilie dawa ya malaria bila kupima. Amvue nguo zilizolowa, amwogeshe kwa maji na sabuni, ampe maji ya kunywa, ampeleke kituo cha afya na amweleze mganga kwamba mtoto alikuwa kwenye tumbaku.

Zipo pia hatari nyingine. Viuatilifu vinavyopulizwa shambani havimchagui mtu. Kukata majani na kubeba fito zilizojaa ni mzigo kwa mgongo ambao bado unakua. Bani nalo, kwa tumbaku ya mvuke, huchochewa moto usiku na mchana kwa takriban wiki moja. Mara nyingi anayeachiwa zamu ya usiku ni kijana wa nyumbani, kwa sababu watu wazima wamechoka na kazi ya mchana. Huyo ndiye yule yule anayetakiwa kuwa darasani asubuhi.

Kalenda ya tumbaku nayo ina ubaya wake. Uchumaji hushika kasi kuanzia Januari hadi Aprili, na muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa Januari. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, kwa hiyo ada siyo tena kikwazo kikuu. Lakini mtoto anayekosa wiki sita za mwanzo wa mwaka hukuta wenzake wamekwisha kusonga mbele. Mwaka wa pili hali ni hiyo hiyo, na mwaka wa tatu anaona aibu kurudi.

Daftari linasemaje?

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari mbili za tumbaku ya mvuke. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mkulima aweke zake.

Amevuna kilo 1,000 na kuuza kwa wastani wa sh. 4,500 kwa kilo. Mapato yake ni sh. 4,500,000. Mkopo wa mbolea, mbegu, viuatilifu na nyuzi ni sh. 1,600,000. Kuni na matengenezo ya bani ni sh. 400,000. Ushuru na makato mengine ni sh. 200,000. Zinabaki sh. 2,300,000, na mkulima anasema hiyo ndiyo faida.

Sasa tuandike siku za kazi. Baba amefanya siku 120, mama siku 120, na watoto wawili siku 60 kila mmoja. Jumla ni siku 360. Ikiwa kibarua wa kijijini hulipwa sh. 5,000 kwa siku, kazi ya baba na mama ina thamani ya sh. 1,200,000 na kazi ya watoto ni sh. 600,000. Ukiondoa zote, faida halisi ya zao ni sh. 500,000.

Faida hiyo ni ndogo kuliko thamani ya kazi ya watoto. Kwa maneno mengine, kama watoto hao wasingeingia shambani na nafasi yao isingezibwa, mkulima asingekuwa na faida ya kutamba nayo. Aliyelibeba zao si mbolea wala daraja la sokoni. Ni watoto wawili ambao majina yao hayamo kwenye daftari.

Lakini daftari hilo hilo lina habari njema. Mkulima huyu akiajiri watu wazima kwa zile siku 120, atawalipa sh. 600,000 na kubaki na sh. 1,700,000 kwa ajili yake na mkewe. Ukizigawa kwa siku zao 240, kila mmoja amepata zaidi ya sh. 7,000 kwa siku, kiwango ambacho bado kinazidi ujira wa kibarua.

Njia ya pili ni kupunguza shamba. Siku 240 za watu wazima wawili zinatosha kuhudumia ekari moja na theluthi. Gharama na mapato yakishuka kwa kiwango hicho hicho, watabaki na takriban sh. 1,530,000 bila kuajiri mtu. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni takriban sh. 170,000 tu, na sehemu ya shamba iliyobaki inaweza kupandwa mahindi, karanga au alizeti. Si kweli basi kwamba bila mtoto tumbaku hailimiki. Isiyolimika bila mtoto ni ile ekari ya ziada ambayo mkulima aliipanda bila kuhesabu mikono aliyonayo.

Tatizo ni fedha ya Januari

Kwa nini basi mkulima anayeweza kuajiri mtu mzima bado anamwingiza mtoto shambani? Mara nyingi si roho mbaya. Ni kwamba kazi kubwa huja Januari hadi Aprili, wakati fedha huja baada ya soko kufunguliwa, miezi kadhaa baadaye. Mkopo wa msimu huletwa zaidi kwa mfumo wa mbolea na dawa. Mbolea hailipi kibarua. Mkulima anabaki na nguvukazi moja tu isiyodai fedha taslimu, nayo ni watoto wake.

Au anatafuta vibarua wa kulipwa mwisho wa msimu. Hapo ndipo unyonyaji mkubwa zaidi unapoingia. Vibarua wengi wa msimu katika mashamba ya Tabora hutoka mikoa jirani, hasa Kigoma, na baadhi huja na watoto au ni watoto wenyewe waliochukuliwa na mawakala. Wakala hufika kijijini kwa wazazi maskini, huahidi baiskeli, mabati au fedha, kisha huondoka na kijana. Akifika shambani hulala kwenye kibanda karibu na bani, hula kwa mkopo, na kila kitu huandikwa: unga, sabuni, nauli ya kuja. Msimu ukiisha anaambiwa deni limemaliza ujira.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inalitaja jambo hilo kuwa kosa. Kumchukua au kumsafirisha mtoto kwa lengo la kumnyonya ni kosa hata kama mzazi alikubali. Kwa hiyo mkulima anayepokea kijana kutoka kwa wakala bila kuuliza umri wake hawezi kujitetea kwa kusema kwamba baba yake alijua.

Zipo dalili ambazo jirani yeyote anaweza kuziona. Mtoto mgeni kijijini ambaye hajaandikishwa shule. Kijana asiyejua jina la kijiji alipo, au asiyeruhusiwa kuzungumza na watu bila mwajiri wake kuwapo. Asiyejua atalipwa kiasi gani na lini. Mwenye makovu ya moto au anayeumwa mara kwa mara bila kupelekwa zahanati. Ambaye simu yake au cheti chake cha kuzaliwa kimeshikiliwa na mwingine. Dalili moja peke yake haithibitishi kosa, lakini mbili au tatu zikikutana inafaa kuuliza.

Mfanyabiashara naye yumo

Wafanyabiashara wadogo wasidhani kuwa haya ni ya wakulima peke yao. Dereva wa lori au mwenye basi dogo anayepakia vijana watano wasio na mzazi kuelekea mashambani ni sehemu ya safari hiyo. Mwenye duka anayemkopesha kibarua mtoto kwa dhamana ya mwajiri wake anasaidia kufunga fundo la deni. Mamalishe anayemchukua binti wa miaka 12 kutoka kijijini aoshe vyombo hadi saa nne usiku, kwa malipo ya chakula na malazi, ni mwajiri mbele ya sheria, hata kama anamwita mdogo wake.

Lipo pia suala la soko. Wizara ya Kazi ya Marekani imekuwa ikichapisha tangu mwaka 2009 orodha ya bidhaa zinazoaminika kuzalishwa kwa kutumikisha watoto, na tumbaku ya Tanzania imo katika orodha hiyo pamoja na kahawa, chai, mkonge na karafuu. Wanunuzi wakubwa hawapendi kuhusishwa na orodha kama hizo, hivyo mikataba mingi ya kilimo sasa ina kifungu kinachokataza kutumikisha watoto. Mkulima anayetia saini bila kukisoma anaweza kujikuta amevunja mkataba kabla hajachuma jani la kwanza. Chama cha msingi ambacho wanachama wake wanajulikana kutumikisha watoto kinamweka kila mwanachama mashakani, hata yule anayewapeleka wake shule.

Hata hivyo, ni haki pia kusema kwamba mzigo huu haupaswi kumwangukia mkulima peke yake. Mnunuzi anayetaka tumbaku isiyo na jasho la mtoto hana budi kukubali bei inayomwezesha mkulima kumlipa mtu mzima. Chama kinapojadiliana bei, gharama ya nguvukazi iwekwe mezani kwa tarakimu, kama inavyowekwa gharama ya mbolea.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni kupanga ukubwa wa shamba kwa mikono ya watu wazima. Kabla ya kusia mbegu kitaluni, mkulima ahesabu watu wazima alionao na siku watakazoweza kufanya kazi. Akitaka eneo zaidi, aandike fedha ya vibarua itatoka wapi.

Hatua ya pili ni kutenga fedha ya kuchuma wakati wa kuuza. Katika mfano wetu zinahitajika sh. 600,000. Mkulima aliyeuza kilo 1,000 akitenga sh. 600 kwa kila kilo na kuziweka kwenye SACCOS, VICOBA au benki, Januari itamkuta na ujira mkononi. Vyama vya msingi vinaweza kukata kiasi hicho kwa hiari ya mwanachama na kumrudishia msimu wa kuchuma unapoanza.

Hatua ya tatu ni kusaidiana kwa zamu. Kaya nne au tano zilizopanda kwa kupishana wiki moja zinaweza kuchumiana, leo kwako, kesho kwangu. Utaratibu huo wazee waliufahamu, nao hauhitaji fedha taslimu.

Hatua ya nne ni kumwandikisha kila kibarua: jina, umri, anakotoka, ujira wake na tarehe ya kulipwa. Asiyeweza kuthibitisha kuwa ni mtu mzima asipewe kazi ya tumbaku. Ujira ulipwe kwa wiki au mwezi, hata kama ni kidogo kidogo, kuliko kungoja soko.

Hatua ya tano ni ya kijiji kizima. Walimu wanajua nani hakuja shuleni Februari. Mtendaji wa kijiji anajua nani amepokea wageni. Wakikaa pamoja mara moja kwa mwezi katika msimu wa kuchuma, kwa kushirikiana na ofisa ustawi wa jamii, hakuna mtoto atakayepotea msimu mzima bila mtu kuuliza. Pale penye dalili za unyonyaji, taarifa ipelekwe kwa mtendaji, kwa dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kwa kupiga simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo haina malipo.

Taarifa si uadui. Kijana wa Kigoma aliyedhulumiwa ujira wake na kurudi kwao mikono mitupu ndiye atakayesimulia sifa za kijiji kile huko alikotoka. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Msimu ujao, kabla ya jani la kwanza kuchumwa, kila mkulima afungue daftari na kuandika ukurasa mmoja wa siku za kazi: nani alifanya, siku ngapi, na angelipwa kiasi gani. Kama kuna jina la mwanafunzi kwenye ukurasa huo, lifutwe, na mbele yake iandikwe fedha ya mtu mzima. Ikionekana kuwa shamba halimudu gharama hiyo, basi shamba hilo ni kubwa mno. Kupunguza shamba ni suala la msimu mmoja, lakini miaka ya shule ya mtoto hairudi.